Nyuzi 90 Zimenitoa Jasho

Mimi nilidhani mfarishi wa viraka, lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, ni kazi ya kushona. Unakaa kwenye cherehani, unakanyaga, kiraka hiki unakiunga na kile, siku ya siku unajifunika. Kumbe cherehani utaiona kwa mbali kama mkwe, na mgongo wako utaumalizia umeinama juu ya meza, unakata.

Na kukata kwenyewe hakukunitisha hata kidogo. Tangu nizaliwe nakata. Nimekata kamba, nimekata kucha, nimekata shauri, nimekata tamaa mara kadhaa. Kitambaa ni nini? Nikachukua mkasi, nikachora miraba kwa penseli, nikakata 36 kwa mkupuo mmoja huku napiga mluzi. Nikampelekea mama mmoja mtu mzima, fundi wa mifarishi, nikitarajia kusifiwa. Akavigeuza vile vipande kimoja kimoja, kimya, kama daktari mwenye majibu mabaya mkononi.

"Mwanangu," akasema, "hivi hivi umevikata au umevitafuna?"

Ndipo akaniazima zana. Mkeka mgumu wa kukatia, ule ambao wembe ukipita jeraha linajifunga lenyewe (kidole changu hakina kipaji hicho, nimehakikisha). Rula nene ya plastiki angavu, ina mistari mingi kuliko kiganja cha mzee. Na kisu cha gurudumu, yaani wembe wa duara wenye kipenyo cha milimita 45, umepachikwa kwenye mpini, unauviringisha badala ya kuukokota. Kisu hicho kilibuniwa Japani mwaka 1979. Kabla yake watu walikata mifarishi yao yote kwa mkasi, na ilitoka mizuri kuliko wangu, kwa hiyo hapo pa kusingizia zana sina.

Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba wembe unausukuma mbele, huuvuti kujielekezea tumboni, na kila ukimaliza mkato mmoja unaufunga. Nimetii. Naufunga kwa uaminifu mkubwa. Halafu nauchukua tena, nakandamiza, natoka jasho, nakitukana kitambaa, dakika nzima imepita ndipo naona kwamba bado umefungwa.

Amri ya pili, kitambaa kipigwe pasi kwanza. Nikakiburuzia pasi kama nasukuma deki. Kumbe haiburuzwi! Unaiweka, unakandamiza, unainyanyua. Ukiiburuza unakivuta kitambaa, na kitambaa ukikivuta kwa mshazari kinanyumbuka mpaka unadhani ni mpira. Kwa mtande, yaani nyuzi za urefu, kinakaa kimya, kwa mshindio, yaani nyuzi za upana, kinalegea kidogo, lakini kwa mshazari kinakuwa kama mtoto anayebebwa asipotaka. Unakata mraba, unageuka kutafuta miwani, ukirudi una kishada.

Halafu kuna mambo ya kukunja. Unaleta ukingo ukutane na ukingo, unakunja katikati, unakata kanda ndefu. Rahisi, sivyo? Nikakata ukanda wangu wa kwanza, nikaukunjua kwa mbwembwe. Ulikuwa na kiwiko. Naapa, ukanda umekwenda vizuri mpaka katikati, ukakunja kona, ukaendelea na safari zake. Mama akaniambia rula haikukaa nyuzi 90 na mkunjo. Mimi nikaanza kuhesabu nyuzi za kitambaa. Nilifika 40 na kitu kabla hajanieleza kwamba anazungumzia pembe.

Mama watoto akapita, akanikuta nimeganda juu ya rula, jicho moja nimefumba. "Baba, unapima au unaomba dua?" Nikamjibu vyote viwili.

Maana hesabu za mfarishi si za kuchezea. Kila mshono unakula robo inchi kwa kila upande. Kipande cha inchi 2½ ukishakishona pande zote kinabaki cha inchi 2. Sawa, nimeelewa. Lakini pembetatu! Ukitaka pembetatu mbili zinazoungana kuwa mraba wa inchi 3 uliokwisha kushonwa, unakata mraba wa inchi 3 na 7/8, kisha unaupasua kwa mshazari. Hiyo saba ya nane niliikimbia shuleni, sikujua imenihifadhia anwani.

Na usiseme "kidogo tu kitajificha". Hakijifichi. Kila kipande kikipungua 1/16 ya inchi, unene wa uvivu wangu, vipande 8 vikishaungana nusu inchi nzima imeyeyuka, na mstari wa jirani hauna habari na msiba wako. Na ule mstari wa rula nao una unene wake. Unakata kitambaa kikiwa chini ya mstari, au nje ya mstari? Mama anasema chagua moja na ushike hiyo hiyo. Mimi asubuhi nilikuwa chama hiki, mchana chama kile.

Rula yenyewe huteleza ukifika mwisho. Dawa yake unatanua vidole kama buibui, kidole kidogo unakitoa nje ya rula kishike mkeka, na ukifika nusu unasimamisha kisu, unatambaza mkono mbele, unaendelea. Wembe nao ukipata pengo dogo unaacha nyuzi chache kila baada ya sentimita 14 hivi, ndio mzunguko wake mmoja. Nilidhani kitambaa kina kasoro. Nikakigeuza, kasoro ikahamia upande wa pili.

Lakini Jumamosi iliyopita niliweza. Pasi nimeikandamiza, mkunjo nyuzi 90, wembe mpya, chama kimoja kuanzia asubuhi. Vipande 36 vya inchi 2½, nikavipanga rundo moja, kingo zimenyooka kama pakiti ya karata. Nilichagua kitambaa changu kizuri kuliko vyote, chenye ndege wamesimama juu ya matawi. Nikamwita mama. Akapima cha juu, akapima cha katikati, akapima cha mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaanza kuvitandaza mezani.

"Vipimo safi kabisa, mwanangu. Ila hawa ndege wana nini?"

Nikatazama. Kumi na nane wamesimama. Kumi na nane wamelala chali, miguu juu.

"Wamepumzika, mama."