Bunduki inayouliza jina

Vijana wa hapa Mwaloni, Kirumba, soko la dagaa la Mwanza, wakikasirishwa na siasa wana msemo wao: "Bora kinuke tu, tujue moja." Huusema wakiwa wamekaa juu ya magunia ya dagaa, kikombe cha kahawa mkononi, wakisubiri lori la Burundi limalize kupakia. Wengi wao bunduki wameiona begani kwa mlinzi wa benki tu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa shule ya msingi Rais Melchior Ndadaye alipouawa, tarehe 21 Oktoba 1993, na nimeelekezewa mtutu kabla sijaota ndevu. Ukubwani nimeelekezewa tena, humu humu Ziwa Victoria, na watu waliotaka mali. Nikilinganisha hizo mbili naona watu wa huku wanaogopa ile nafuu, huku ile mbaya wanaiita wenyewe kwa midomo yao.

Nianze na ya ziwani, maana ni fupi. Mnunuzi wa dagaa hufuata giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu dagaa anavuliwa kwa taa, na taa haina kazi kwenye mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa giza ndio wa mapato, na majambazi wanalijua hilo kuliko sisi. Tulikuwa tumetoka Ukara na mzigo wa dagaa wa chanja, wale safi wasio na mchanga, ambao bei yao haina mchezo. Mtumbwi usio na taa ukaja ubavuni. Tukamulikwa tochi ya macho. "Laleni chini! Mashine!" Aliyeshika bunduki alikuwa akitetemeka, kwa baridi au kwa bangi. Nahodha wetu, mzee wa Kikerewe, akaenda nyuma kwa taratibu zake, akalegeza skrubu za injini mwenyewe, akawaambia, "Ipokeeni vizuri wanangu, ikidondoka kwenye maji hamtapata mteja." Wakaipokea vizuri. Wakachukua na petroli na simu, wakaondoka. Sisi tukapiga kasia mpaka kunapambazuka.

Sitaki kulifanya jambo hilo dogo. Wapo wavuvi waliouawa kwa ajili ya mashine, na familia zao ziko visiwani. Lakini jambazi yule alinitazama kama mtu anavyolitazama kabati: ana haja na kilichomo. Ukimpa, mmemalizana. Hakuniuliza naitwa nani wala babu yangu katokea wapi.

Buyenzi ndiko nilikoulizwa.

Kwa asiyeijua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili katikati ya Bujumbura, kando ya mto Ntahangwa. Barabara zake hazina majina, zina namba. Mafundi wa magari wanalala chini ya injini pembezoni mwa njia, soko la Ruvumera halinyamazi, na adhana hujibizana msikiti kwa msikiti. Mama yangu ni wa Ujiji. Babu mzaa baba alitoka upande wa Kongo. Jirani wa kulia alikuwa Mhutu, wa kushoto Mtutsi, na wote watoto wao walizungumza Kiswahili kuliko Kirundi. Tulikuwa tunaitwa Waswahili kana kwamba ni kabila, na kwa muda mrefu hilo lilitufaa. Wazee walisimulia kwamba hata mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa, kuna watu walinusurika Buyenzi kwa kuvishwa kanzu.

Baada ya Ndadaye, rais Mhutu, kuuawa na wanajeshi wa Kitutsi, mji ulikatwa vipande. Kamenge na Kinama wakabaki Wahutu. Ngagara, Nyakabiga na Musaga wakabaki Watutsi. Vijana wa Kitutsi walioitwa Sans Échec wakawa wanatangaza siku za mji kufa: mawe na matairi barabarani, na anayepita ajieleze. Upande wa pili nao kulikuwa na vijana wao wenye silaha, nao hawakuwa malaika. Guruneti lilikuwa rahisi kupatikana.

Jambo moja ambalo watu wa huku hawalijui: kitambulisho cha Rwanda kilikuwa kimeandikwa kabila mpaka 1994, lakini cha baba yangu, cha Burundi, hakikuwa nalo. Ungedhani hiyo ni kinga. Haikuwa. Kilimfanya mwenye bunduki akusome mwenyewe. Alisoma pua. Alisoma kimo, viganja, na jinsi unavyolitamka jina la mtaa unakotoka. Karatasi ikinyamaza, mwili wako ndio unaohojiwa.

Siku moja askari waliingia kwetu kupekua. Fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba, Mhutu wa Kamenge, alikuwa amejificha kwetu. Mama alikuwa amemvika kanzu ya baba na kumkalisha kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Baba ni mfupi. Kanzu ilimfika fundi chini kidogo ya magoti, na miundi yake yote ilikuwa nje. Askari mmoja alisimama mbele yake. Bunduki yake haikuwa na mkanda, ilikuwa imefungwa kamba ya kiatu, nyeupe, iliyochafuka kwa mafuta ya bunduki. Mimi nilikuwa naiangalia kamba ile tu. Mtutu ulikuwa umeelekea kwangu, si kwa makusudi, ni vile tu alivyokuwa amegeuka. Aliitazama ile miundi kwa muda mrefu. Mama akasema, "Hapa wote Waswahili, mwanangu. Kunywa maji." Akanywa, akarudisha kikombe kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akawaambia wenzake hakuna kitu.

Watu wakinisikia nikisimulia hapo hufurahi, wanasema basi utu ulikuwepo. Ulikuwepo. Na ndiyo maana kanzu zikaisha madukani, na ndiyo maana wale vijana wa vizuizini wakaanza kuzitilia shaka.

Nilikutana nao muda mfupi kabla ya Machi 1995, mwezi ambao Bwiza na Buyenzi zilishambuliwa na maelfu wakavukia Uvira, Kongo. Mama alinituma dawa. Kwenye mpaka wa Nyakabiga kulikuwa na kizuizi, na aliyekaa nacho nilimjua. Alikuwa golikipa. Tulikuwa tunacheza naye kwenye kiwanja cha vumbi, tunamnunia akifungwa kizembe. Sasa ana bunduki iliyokatwa kitako, na wenzake wawili wako nyuma yake.

"Witwa nde?" Akaniuliza jina.

Nikamtajia. Alikuwa amelitamka jina hilo mwenyewe mara ngapi akiomba pasi!

"Majina ya Kiislamu kila mtu anayo siku hizi," akasema, na mtutu ukaja kifuani. "Soma."

Nikasoma Alhamdu. Nilikuwa nimeisoma tangu nina miaka minne, lakini kifua kikiwa na chuma juu yake ulimi hauna ratiba. Nikaruka aya, nikarudi, nikafika mwisho kabla ya katikati, nikaitikia amin peke yangu. Mmoja wa wale wa nyuma akauliza, "Ndiyo yenyewe?" Golikipa akasema, "Ndiyo yenyewe, mwache apite." Yeye alikuwa mtoto wa parokia. Ningemsomea orodha ya wachezaji wa timu yetu kwa sauti ya madrasa, asingejua.

Nimekuwa nikimfikiria sana kijana yule, na sina chuki naye, lakini simpambi pia. Alitaka niende zangu. Kwa nini hakusema tu, "Huyu namjua, ni winga wetu wa kushoto"? Kwa sababu kunijua kulikuwa hakutoshi tena. Urafiki wa kiwanjani, maziwa tuliyonunuliana, kwao na kwetu, vyote vilikuwa vimefutwa kama ushahidi. Kilichobaki ni mtihani, na msahihishaji hajui majibu. Aliuhitaji mtihani ule awaonyeshe wenzake. Bila huo, angeulizwa yeye.

Hiyo ndiyo bunduki ninayoisema. Jambazi wa Ukara ungeweza kumpa mashine. Huyu ungempa nini?

Sasa turudi Mwanza. Hapa tunajisifu kwamba sisi ni watu wa amani, kana kwamba amani inazaliwa nayo kama rangi ya macho. Warundi nao walikuwa wakijisifu hivyo hivyo, na lugha yao moja, nchi nzima. Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya buchani ulimwua mchungaji. Mei 2016, hapa hapa Mwanza, waumini watatu waliuawa kwa mapanga ndani ya msikiti. Hapakuwa Burundi, ni kweli, na nchi haikushika moto. Lakini nasikia maswali. Akiteuliwa mkuu mpya, kabla ya kuuliza amesoma nini, simu zinaanza: huyu dini gani? Huyu wa wapi? Kuna dalali mwenzangu, mtu mwema, mcha Mungu, anaweza kukutajia ofisi nzima nani ni nani kwa imani na kwa mkoa. Namwambia, "Kaka, hiyo kazi nimeshawahi kuona inalipwaje." Anacheka. Anadhani ni utani.

Tanzania haijauliza dini wala kabila kwenye sensa tangu mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa mpaka swali la dini lirudishwe. Mimi ni Mwislamu, na sikuwaunga mkono, kwa sababu ya kile kizuizi cha Nyakabiga. Nilihesabiwa na kuondoka zangu.

Ila hoja yao siidharau, na hapa ndipo wengi wanaoisifia nchi hii wanapokimbilia usingizi. Burundi nayo ilikataza swali. Enzi za Rais Bagaza, kati ya 1976 na 1987, kutaja Mhutu na Mtutsi hadharani ilikuwa ni uchochezi. Sote Warundi. Wakati huo huo jeshi lilikuwa mikononi mwa Watutsi, na vyeo vikubwa vilijulikana vinaenda wapi. Aliyenyamazishwa hakusahau, alihesabu kimya kimya nyumbani kwake. Ukimya wa namna ile unamfaa aliyeshiba. Kutouliza kunasaidia pale tu ambapo jibu haliwezi kukuongezea wala kukupunguzia kitu.

Ndiyo maana dawa ya Burundi ilipatikana kwa kwenda kinyume kabisa. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mpaka akafariki Oktoba 1999, akapokea Mandela, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Fikiria: Arusha, kwenye nchi isiyouliza kabila, wageni wakakaa wakaandikiana makabila kwa asilimia. Katiba ya 2005 iliyotokana na mkataba huo ikasema bungeni na serikalini Wahutu 60, Watutsi 40, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Wasomi wengi huku waliniambia hiyo ni kuhalalisha ukabila. Mimi nilimwuliza mjomba wangu aliyebaki Buyenzi. Alinijibu kwamba sasa kikosi kikija kupekua, wamo wa huku na wa huku, na hakuna anayeweza kumwuliza mtu swali lile mbele ya mwenzake. Hilo jibu lilinitosha. Na mwaka 2015, Rais Nkurunziza alipong'ang'ania muhula wa tatu, waliojaa barabarani kumpinga walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja. Watu walikufa, wengine walikimbia tena, meli ya Liemba ikawabeba kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma. Lakini safari ile walipigania madaraka, na mpango wa kulirudisha kabila uligonga ukuta.

Kwa hiyo anayeniambia "huku hatuna ukabila, basi tulale" namwambia amechukua nusu ya somo. Anayeniambia "bora kinuke" hajachukua hata herufi moja. Anafikiri kikinuka atapigwa risasi na polisi kwa ajili ya haki yake, afe shujaa. Hajafikiri kwamba atasimamishwa barabara ya Nyakato na mtoto aliyemuuzia vocha, aambiwe asome.

Sensa ijayo, utaratibu wa miaka kumi ukifuatwa, ni 2032, na mjadala wa swali la dini utarudi, najua. Nitasimama na wasiolitaka kwenye dodoso. Lakini wakati huo huo nitadai kila halmashauri ibandike ukutani, jina kwa jina na alama zake za usaili, nani kaajiriwa na nani kakosa. Watu watayasoma majina yale na kuanza kuhesabu wa huku na wa huku. Watahesabu tu, hata sasa wanahesabu. Acha wahesabu alama zikiwa mbele ya macho yao, na aliyepewa kazi bila alama aonekane na yeye.