Mkondo unaovuta nje na modeli za 3D: nani anafaidika?

Ushauri wa zamani waogeleaji wengi wanaujua, ukinaswa na mkondo unaokuvuta kutoka ufukweni usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke. Sasa watafiti wa bahari kina Jamie MacMahan wakaachia maboya madogo yenye GPS kwenye mawimbi ya Monterey kule California, na kwenye fukwe za Uingereza na Ufaransa, na matokeo waliyotoa 2010 yakaonyesha kama asilimia 80 hadi 90 ya maboya hayatokomei baharini, yanazunguka tu na kurudishwa kwenye maji madogo. Basi wengine wakarukia kusema elea tu, utarudi. Ubishi ukapamba moto, na mi naona hapo ndo pazuri pa kupima kama hizi modeli za kompyuta za 3D, zinazohesabu mwendo wa maji kwa kila kina, zina kazi au ni urembo wa maprofesa.

Chanzo cha mkondo wenyewe si kigumu. Mawimbi yakipasuka juu ya fungu la mchanga yanarundika maji upande wa ufukweni, yale maji lazima yarudi, kwa hiyo yanafuata pale fungu lilipokatika na kuchomoka kwa kasi. Kwa hilo tu modeli ya 2D, ile inayochukua wastani wa mwendo toka juu hadi chini, inatosha kabisa. Shida ni kwamba bahari haiendi kwa wastani, kwenye eneo mawimbi yanapopasuka mkondo unavuta karibu sawasawa toka juu hadi chini, ukishavuka hapo nguvu inabaki juu juu, na huko pembeni kwenye fungu maji ya juu yanakuja ufukweni huku ya chini yanarudi nje, yote haya modeli ya 2D inayakoroga yanakuwa namba moja.

Mwaka 2009 mtafiti Reniers na wenzake walitumia modeli ya 3D kwa ufukwe uleule wa Monterey wakamwaga maboya ya kompyuta ndani yake. Maboya ya kweli yalikuwa yanatoka nje kama asilimia 20 hivi. Wakiondoa kwenye hesabu ule msukumo mdogo ambao kila wimbi linaupa maji ya juu kuelekea ufukweni (mwendo wa Stokes), maboya yanayotoka yanaruka hadi kama asilimia 80! Wakiondoa yale mabadiliko ya polepole ya mkondo, ya dakika kumi hivi, yanashuka chini ya asilimia 5. Yaani unaona kabisa nini kinamrudisha mtu na nini kinamtupa nje, na hiyo maboya peke yake yasingekwambia. Ila modeli hiyohiyo ilikosea jinsi mkondo unavyofifia kwenda chini nje ya mawimbi kwenye kina cha mita 4, sasa cheka, pale ambapo 3D ndo ilitakiwa ing'ae.

Na hata wanaojenga modeli hizi wenyewe hawajaelewana namna ya kugawa nguvu ya mawimbi kwa kina. Mellor alitoa fomula yake 2003, Ardhuin na wenzake wakaipinga 2008, na wengi sasa wako upande wa njia nyingine iliyoingizwa kwenye programu za kuiga mikondo ya bahari kama ROMS.

Upande wa pili, unaosema 3D haihitajiki, una hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu. Mfumo ambao NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, liliuzindua 2021, unaotabiri hatari ya mkondo kila saa hadi siku sita mbele kwa kila kilomita ya ufukwe, si 3D. Ni takwimu, zimejengwa kwa mawimbi, maji kupwa na kujaa, na yale waokoaji waliyoyaona kwa macho kule North Carolina. Unafanya kazi, tena bila kula kompyuta nzima. Modeli ya 3D inataka ramani ya kina cha mchanga, na dhoruba moja ikipita usiku mafungu yanahama, asubuhi unatabiri ufukwe ambao haupo tena. Na waogeleaji wa kweli waliojitosa majini kule Australia walionyesha hakuna mbinu moja inayofaa kila mara, si kuelea si kuogelea pembeni, kwa hiyo anayechukua ile asilimia 80 ya maboya yanayorudi akaigeuza ushauri wa bango anacheza na roho za watu.

Huku kwetu sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania mawimbi yanapasuka kwenye mwamba, maji yanavuka juu yake na kutoka kwa mlango, yaani pale mwamba ulipokatika. Mwamba hauhami kama mchanga, kwa hiyo ramani moja nzuri ya kina inadumu miaka, na hapo 3D naipa nafasi kubwa kuliko California. Kwa fukwe za mchanga pesa ningeitia kwanza kwenye kamera za ufukweni zinazokadiria kina kwa kuangalia mwendo wa mawimbi, teknolojia ipo, modeli ya 3D ije baadaye ikiwa na ramani ya leo.