Mvua Iko Njiani na Zabibu Bado Kidogo: Uvune au Usubiri?

Kuna swali linalowanyima usingizi wakulima wa zabibu za mvinyo kila vuli kule nchi za baridi. Septemba inaisha Oktoba inaingia, utabiri unasema mvua kubwa keshokutwa, zabibu zimeshakuwa tamu lakini ukitafuna mbegu bado chungu, sasa unafanyaje, unaita wavunaji leo au unakaza roho unangoja wiki nyingine? Na hapo hamna kurudia. Zabibu sio ndizi useme utazivundika, ukishakata kichala ndo basi, imeishia pale pale ilipofika.

Watu kwenye hii ishu wamegawanyika, kuna wa "vuna sasa hivi" na kuna wa "vumilia", na kiukweli wote wana hoja za maana, sio kwamba mmoja ana akili na mwingine hana. Ila mi naona wengi wanabishana kwa vipimo visivyojitosheleza. Huyu anaangalia namba ya sukari, yule anahesabu milimita za mvua kwenye simu, wakati kitu kinachoamua hasa ni ganda la zabibu liko katika hali gani leo na hewa itakuwaje siku tatu nne baada ya mvua kukatika. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu kuiva, maana zabibu inaiva kwa namna zaidi ya moja na hazifiki pamoja. Kuna sukari, ambayo inapimwa kwa briksi, yaani briksi 1 ni kama gramu 1 ya sukari kwenye gramu 100 za juisi, na ukishachachusha, kila gramu 17 hivi za sukari kwa lita zinakupa asilimia 1 ya kilevi. Kuna asidi, ambayo inashuka kadiri siku zinavyoenda, hasa ile asidi ya maliki ambayo joto linaimaliza haraka. Af kuna mambo ya ganda na mbegu, tanini (kile kinachokausha mdomo ukitafuna), rangi na harufu, na hayo hakuna kichombo kidogo cha kuweka mfukoni kikakuambia yamefika. Shida yote ya vuli inaanzia hapo, sukari inaweza kuwa tayari na ganda bado likawa nyuma, au hewa ya baridi ikasimamisha sukari huku asidi bado iko juu.

Sasa wanaosema vuna mapema wana hoja moja nzito kuliko zote, nayo ni kuoza. Mvua ikinyesha kwenye zabibu zilizokaribia kuiva mzabibu unavuta maji kupitia mizizi, punje zinavimba, zingine zinapasuka, juisi inavujia ndani ya kichala, na pale kwenye joto la nyuzi 15 hadi 25 na unyevu uliokaa saa nyingi mfululizo, ukungu wa kijivu wa botritisi unapata kila kitu unachotaka. Ukiingia haungoji. Ukungu huo una kimeng'enya kinaitwa lakase ambacho kinaharibu rangi ya mvinyo mwekundu na hata salfa ambayo watengeneza mvinyo wanaitegemea haikizuii vizuri. Juu ya hapo kuna kuoza kwa siki, ambako nzi wa matunda wanabeba bakteria na chachu kutoka punje iliyopasuka hadi nyingine, na tangu yule nzi anayeitwa Drosophila suzukii aonekane Ulaya na California mwaka 2008 mambo yamekuwa magumu zaidi, kwa sababu yeye hasubiri punje ipasuke, anatoboa ganda zima mwenyewe na kutaga mayai ndani.

Hoja yao ya pili ni kwamba zabibu ambayo haijafika kwenye sukari unaweza kuisaidia ndani, ila iliyooza huwezi kuifufua. Kuongeza sukari kwenye juisi kabla haijachacha ni jambo la zamani, limepewa jina la Jean-Antoine Chaptal aliyelipigia debe mwaka 1801, na Umoja wa Ulaya mpaka leo unaruhusu kupandisha kilevi kwa kiwango kulingana na ukanda, asilimia 3 kwenye maeneo ya baridi zaidi, halafu 2, halafu 1.5. California ni marufuku, lakini huko jua lenyewe kwa kawaida linatosha. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa kundi hili atakwambia bora nivune kwa briksi 21 zabibu safi kuliko nisubiri 23 nipate nusu yake imeota ukungu.

Na wana mfano ambao ukiusikia unaelewa hofu yao. Bordeaux, eneo la mvinyo kule Ufaransa, 1964. Kiangazi kilikuwa kizuri mno mpaka waziri wa kilimo wa Ufaransa akautangaza kuwa mwaka mkubwa wa mvinyo kabla mavuno hayajaisha, halafu mapema Oktoba mvua ikaanza na ikapiga karibu wiki mbili. Upande wa Pomerol na Saint-Émilion ambako zabibu aina ya Merlot inaiva mapema walikuwa wameshaingiza sehemu kubwa, mvinyo wao ukatoka vizuri sana. Kule Médoc wale waliokuwa wanasubiri Cabernet Sauvignon iive zaidi walikutwa na maji shambani, wakati shamba la Château Latour ambao walikuwa wamemaliza kabla ya mvua walitoka na mvinyo unaosifiwa mpaka leo. Eneo moja, mwaka mmoja, tofauti ni siku chache tu.

Lakini subiri kidogo, maana ukichukua 1964 peke yake utakuwa unavuna mapema maisha yako yote, na hilo nalo ni kosa kubwa. Bordeaux hiyo hiyo mwaka 1978 kiangazi kilikuwa kibovu, baridi, kila kitu kimechelewa, halafu vuli ikafunguka jua likawaka wiki na wiki na waliovuna Oktoba wakapata mvinyo mzuri ambao hakuna aliyeutegemea. Aliyekuwa na haraka mwaka ule alijinyima mwenyewe.

Halafu hii kauli ya "tutarekebisha ndani" ina mwisho wake, na hapa ndo nadhani kundi la vuna mapema linajidanganya kidogo. Sukari unaongeza, sawa. Tanini mbichi unaiondoaje? Ile harufu ya pilipili hoho ya kijani kwenye Cabernet Sauvignon, Cabernet Franc au Carmenère iliyovunwa mbichi inatokana na kemikali zinazoitwa pirazini, zinapungua zabibu zikiwa bado kwenye mzabibu zinapata jua, zikishaingia kwenye tangi kuzitoa ni shughuli pevu. Unaweza kupunguza muda wa kuloweka maganda, unaweza kuchanganya na mvinyo mwingine, lakini huo sasa ni mvinyo wa kuficha. Na tukumbuke pia maji ambayo punje imenywa wakati wa mvua sio lazima yabaki humo, kama ganda ni zima na upepo mkavu unavuma, siku chache baadaye sukari inarudi karibu na ilipokuwa. Mtu akipima asubuhi baada ya mvua akaona briksi zimeshuka akachanganyikiwa akavuna, amevuna siku mbaya kuliko zote, zabibu zimejaa maji na nje zimelowa.

Sasa kuhusu ile namba ya sukari ambayo watu wanaing'ang'ania. Ikishapita briksi 24 au 25 hivi, ongezeko unaloliona mara nyingi sio sukari mpya inayotoka kwenye majani, ni punje inapoteza maji inaanza kunyauka, kwa hiyo unaweza ukakaa unafurahia namba inapanda kumbe mzabibu wenyewe umeshamaliza kazi, unachopata ni kilevi kikubwa, uzito kupungua na asidi kuporomoka. Na kwenye vuli ya mawingu na baridi inakuwa kinyume, namba inagoma kabisa, wiki inapita imesogea kidogo mno. Angalia majani. Kama bado ni ya kijani na yanafanya kazi, kuna cha kusubiri. Kama yameshakuwa njano nusu shamba, au jalidi limeyapiga yakakauka, hapo kusubiri ili sukari iongezeke ni kujipa moyo bure, kiwanda kimeshafungwa.

Kwa hiyo unaamuaje? Mi nasema ingia shambani kwanza, kabla hujafungua utabiri. Chukua punje 100 au 200 kutoka mizabibu tofauti, pande zote mbili za mstari, juu na chini ya kichala, na usichague zile nzuri nzuri za juani maana mkono unazifuata wenyewe bila kujua. Bonyeza punje moja kati ya vidole: ikiwa nyama inatoka safi na mbegu zinajitenga bila kung'ang'ania, vizuri. Tafuna ganda peke yake, liweke mpaka nyuma ya meno, kama linaacha ukavu mkali na ladha ya majani mabichi bado halijafika. Mbegu iwe ya kahawia na ipasuke kama kitu kikavu, ikiwa ya kijani bado. Halafu, na hili ndo watu wanaliruka, shika kichala kilichobana ukifungue katikati kwa vidole, hasa upande uliogusana na kichala kingine, na unuse. Ukungu unaanzia humo ndani ambako huoni ukisimama, nje kichala kinang'aa kumbe ndani kuna punje tatu zimelainika rangi ya udongo. Ukisikia harufu ya siki, hata kidogo, mjadala wa kusubiri kwenye kipande hicho umeisha.

Ganda likiwa zima na ndani ya vichala ni pakavu ndo sasa fungua utabiri, na hapo swali langu sio itanyesha kiasi gani, ni nini kinafuata. Milimita 20 zikifuatiwa na upepo mkavu na usiku wa baridi nyuzi 8, zabibu nyingi zenye ganda nene zinavumilia. Milimita 5 tu zikifuatiwa na siku tatu za ukungu wa angani, joto joto na hewa imesimama, zinaweza kukumaliza. Halafu tuwe wakweli, utabiri wa siku tatu unaaminika, wa siku kumi ni wa kusoma na kuweka pembeni, kwa hiyo mtu anayevuna leo zabibu mbichi kwa sababu simu imemwonyesha mvua Jumanne ya wiki ijayo, mi siwezi kumuunga mkono.

Kuna jambo lingine linabadilisha hesabu. Beaune, kule Burgundy, kuna rekodi za tarehe za kuanza kuvuna tangu 1354, na zinaonyesha kwamba mpaka 1987 wastani ulikuwa tarehe 28 Septemba, tangu 1988 mavuno yanaanza mapema zaidi kwa kama siku 13. Wengi wanasema basi ni nafuu, tunavuna kabla ya mvua za vuli. Ni kweli kwa kiasi, ila mi naona na upande wa pili: ukiwa unafanya uamuzi katikati ya Septemba badala ya Oktoba, mvua ikija inakuta hewa bado ya joto, na mvua ya joto inaozesha haraka kuliko ya baridi. Na sukari nayo siku hizi inakimbia mbele ya ganda. Ndo maana ule ujuzi wa mababu wa kuhesabu siku kutoka zabibu zilipoanza kubadilika rangi bado unasaidia kupanga, ila kuutegemea peke yake nisingeshauri.

Aina ya zabibu nayo inaongea. Pinot Noir ina kichala kilichobana na ganda jembamba, huna muda wa kucheza nayo. Merlot nayo sio mvumilivu kivile. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo, ganda nene, kichala kimeachia, hiyo ndo ya kuwekea dau la kusubiri. Kwa mvinyo mweupe na ule wa mapovu mi siumizi kichwa sana, unahitaji asidi, wa mapovu unavunwa hata kwenye briksi 18 hadi 20, mvua ikitishia ingiza mapema, unachopoteza ni kidogo. Sauternes, sehemu ya Bordeaux inayotengeneza mvinyo mtamu, ni hadithi yake, kule ukungu huo huo wa botritisi unatafutwa makusudi, asubuhi za ukungu wa angani unaotoka mto Ciron na mchana mkavu, lakini hata wao mchana usipokauka wanapoteza kama wengine.

Na mara nyingi kinachoamua sio zabibu hata kidogo, ni watu. Kama wavunaji wako wapo mpaka Ijumaa tu halafu wanahamia shamba lingine, au tangi zimejaa, kuzungumzia tanini kuiva wiki ijayo hakuna maana. Mwenye mashine ana uhuru zaidi, anaweza kungoja mpaka saa za mwisho halafu akavuna usiku mmoja eneo ambalo kwa mikono lingechukua siku kadhaa, lakini mashine haichagui, kama ukungu umeshaingia inabeba kizuri na kibovu pamoja. Mkono unachagua. Kwa hiyo mwenye mashine akisubiri sana anategemea zabibu zibaki safi, na mwenye mikono akisubiri anategemea watu wabaki, na kila mmoja aijue hatari yake asiige ya jirani.

Mimi nikipima yote haya nachoka na hili wazo kwamba lazima uamue shamba zima kwa mara moja. Gawa. Kipande cha bondeni ambako maji yanatuama na hewa haipiti, vuna kabla ya mvua hata kama bado kidogo, kitengeneze mvinyo wa waridi au mwekundu mwepesi wa kunywewa mapema, ambao ubichi kidogo haumsumbui mtu. Kipande cha mteremkoni chenye upepo, udongo wa kokoto unaopitisha maji, majani bado ya kijani na maganda mazima, kiache. Mvua ikipita usikimbilie siku ile ile, acha upepo upite siku mbili, rudi ufungue vichala kwa vidole tena. Vikiwa vikavu ndani ongeza siku nyingine na uonje tena kesho yake, vikiwa vimeanza kulainika piga simu kwa wavunaji usiku huo huo uwaambie waje na makasha mawili mawili, moja la nzuri na moja la kutupa.