Samaki wa Sentimita Tano na Heshima Yangu Ukweni

Kwa wale mliotumiwa kwenye magrupu ile sauti yangu nikipiga mayowe: hapana, sikung'atwa na papa. Hospitali sikupelekwa. Na sikulia. Nilipiga kelele, na ndani ya kelele kulikuwa na neno "mama", basi. Jamaa aliyerekodi ile sauti alikuwepo kweli, ila kazi yake ilikuwa kunishikia tochi, na hata hiyo ilimshinda kwa kucheka.

Mnawajua wale vijana wangu wa Ziwa Tanganyika, Lamprologus ocellatus, samaki wadogo wanaoishi ndani ya makome ya konokono. Dume akikua sana ni sentimita tano, sita. Jike anataga ndani ya kome, dume anakuwa askari wa mtaa mzima, na mtaa huo hauna nafasi ya askari wawili. Aliyeniuzia aliniapia kuwa hawa ni mke na mume. (Msinicheke, nyie mngewajua?) Kumbe madume watupu, na majike niliowaongeza baadaye ndio waliowasha moto. Tangi lenyewe lita 60. Mbabe kachukua makome yote, mnyonge kabanwa juu kabisa kwenye kona, nyuma ya filta, mapezi yamechanika kama bendera ya ofisi ya kijiji. Nikapanga mawe katikati ili wasionane. Nikaongeza makome, yawe mawili matatu kwa kila samaki. Mbabe akaona nimemjengea nyumba ndogo.

Ikabaki kumtoa tu mnyonge. Wavu wangu umetoboka, nikachukua chujio la chai. Jikoni. Siku ambayo baba mkwe anakuja. Naomba tusonge mbele.

Sasa niko juu ya stuli, mkono umezama hadi kiwiko, mnyonge kajiingilia mwenyewe kwenye chujio bila vurugu, mara "Hodi!" Mzee huyo, kanzu nyeupe imenyooka kwa pasi, anaingia na kuketi kochi la karibu na tangi. Mkwe kaketi chini, mimi nimesimama juu ya stuli. Kwetu hilo peke yake ni faini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnavua?"

Kutoka jikoni mwenzangu anauliza, "Jamani, chujio liko wapi?"

Nikainama kidogo, nionekane nina adabu. Kidole gumba kikagusa kome. Na katika kome lile kulikuwa na jike mwenye watoto wachanga. Nilimwona akitoka. Naapa nilimwona. Alisimama mbele ya ukucha wangu, akatanua mashavu, akanipima, akarudi nyuma kidogo kuchukua mwendo, kisha akauma. Damu haikutoka. Alama haipo, nimeitafuta kwa tochi ileile. Lakini mwili haukusubiri ushahidi.

Mkono uliruka wenyewe. Maji yakaenda nyuma, mnyonge akaenda mbele. Nilimwona akipita chini ya feni, akajipindua mara moja hewani, mapezi yake yaliyochanika yote wazi, nami nikapata muda wa kuomba kabisa: popote, ya Rabi, ila si pale.

Pale. Katikati ya mapaja ya baba mkwe.

Ndipo lile "mama" likanitoka. Mwenzangu akatokea mlangoni, akalitazama chujio sakafuni, akanitazama mimi, akarudi jikoni bila neno. Wa tochi alishalala chini.

Mzee hata hakushtuka. Ni mtu wa Ujiji yule. Alimshika samaki kwa vidole viwili, akamtumbukiza kwenye jagi la maji ya wageni, akalisogeza jagi machoni.

"Hawa kwetu hata paka hahangaiki nao. Umewanunua?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa hela?"

Mengine madogo. Chai ilinywewa na majani yake. Mnyonge yuko kwa jamaa, kwenye tangi lake peke yake, mapezi yanaota. Mbabe kabaki na wake zake, na vitoto vinachungulia kwenye midomo ya makome. Chujio jipya liko kabatini, ufunguo sipewi. Na mzee siku hizi akipiga simu, binti yake hajamaliza kumwamkia anaambiwa, "Mpe huyo mkwe wangu. Yule mama bado anauma?"