Ledley King: beki aliyecheza bila kufanya mazoezi, Spurs walikosea?

Ledley King alistaafu Julai 2012 akiwa na miaka 31 na mechi 323 za klabu, zote za Tottenham (Spurs). Kombe alilobeba ni moja tu, la Ligi mwaka 2008, walipoichapa Chelsea 2-1 Wembley ndani ya dakika 30 za nyongeza. Wapo wanaomwona kuwa beki bora wa kati wa Kiingereza wa kizazi chake. Wapo pia wanaosema nahodha asiyefanya mazoezi na wenzake huigharimu timu. Hoja hii ya pili si ya kupuuzwa, lakini kwa klabu naona Spurs walipata zaidi ya walichopoteza.

Tatizo lilikuwa goti. Gegedu linalozuia mifupa isisagane lilikuwa limekwisha, na gegedu la goti likishaisha halioti tena. Baada ya kila mechi goti lilivimba, na kutulia kwake kulichukua karibu wiki. Kwa hiyo chini ya kocha Harry Redknapp, King alishinda jimu na kwenye bwawa la kuogelea, ambako maji hubeba uzito wa mwili, kisha siku ya mechi akaingia uwanjani.

Aliweza kwa sababu alisoma mchezo mapema, akawa hahitaji kukimbizana na mshambuliaji kila dakika. Na alipolazimika kukimbia, alikimbia. Novemba 2006, Arjen Robben wa Chelsea alishapenya akielekea golini. King akamfukuza kutoka nyuma, akamfikia ndani ya boksi na kuutoa mpira bila kumgusa vibaya. Mguu ule ukichelewa kidogo tu, ni penalti. Spurs walishinda 2-1.

Hasara ilikuwapo. Beki ya kati ni kazi ya watu wawili: mmoja akipanda, mwenzake afunike, mtego wa kuotea unataka wote wapande kwa pamoja. Hayo hushika kwa kurudiwa mazoezini. Aliyecheza pembeni ya King wiki hii, wiki ijayo alijikuta na mtu mwingine. Msimu wa 2010/11, Spurs wakiwa Ligi ya Mabingwa na mechi za katikati ya wiki, King alicheza mechi 6 tu za ligi. Lakini msimu uliotangulia alicheza 20, na Spurs wakamaliza nafasi ya 4, iliyowapa tiketi hiyo ya Ulaya. Ukiwa na mechi moja kwa wiki, hesabu ilikubali.

Kombe la Dunia haliendi hivyo. Mwaka 2010 England walipangiwa mechi za makundi Juni 12, 18 na 23, yaani siku 6 halafu 5, kwa goti linalodai wiki. Kocha wao Fabio Capello alimchukua, na beki Rio Ferdinand alipoumia goti kabla ya mashindano kuanza, King akaanza dhidi ya Marekani pale Rustenburg, Afrika Kusini. Hata goti halikupata nafasi ya kujaribiwa: nyonga ilimkamata, akatoka mapumziko. Msuli usiozoeshwa kukimbia kasi kila wiki huwa hatarini zaidi siku ya kuukimbiza kweli. Jamie Carragher akaingia, akapata kadi ya njano, akaongeza ya pili dhidi ya Algeria, akafungiwa. Mechi ya tatu, na ile ya kupigwa 4-1 na Ujerumani, Matthew Upson alikuwa pembeni ya John Terry. Jozi tatu za mabeki wa kati ndani ya mechi nne.

Wengi humtupia King lawama hiyo, na hapo wanamwonea. Hali ya goti lake ilijulikana Uingereza nzima, ratiba ilitoka miezi kabla, na aliyeandika majina 23 alikuwa kocha. King angeweza kukataa, ndiyo. Lakini Kombe la Dunia la 2006 lilishampita kwa kuvunjika mfupa wa unyayo, na mchezaji wa namna hiyo ukimwita, atakuja.