Reli ikirudi Kusini, baiskeli itakaa wapi?

Wenzangu wa baiskeli za mlimani hapa Mtwara wamegawanyika. Tangu habari za reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay zirudi midomoni mwa watu, kuna wanaosema tuache kuhangaika na makosta, mabasi madogo tunayopanda sasa. Tusubiri treni, wanasema, tupakie baiskeli asubuhi, tushuke karibu na vilima, jioni turudi tumekaa kitini kama watu. Wengine wanajibu kwamba basi lipo leo, na treni ikija itabeba makaa ya mawe, haitatubeba sisi. Nimewasikiliza wote kwa miezi kadhaa. Naona kila upande umeshika nusu ya jambo, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotugharimu.

Asiyeijua Mtwara ajue kwanza tatizo liko wapi. Mji wenyewe ni tambarare na mchanga. Unaweza kuzunguka Shangani, ukaenda Mikindani na kurudi, ukatoka jasho, lakini hujapanda wala hujateremka. Mteremko wa maana uko Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, pale Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linatandazika chini hadi Msumbiji. Uko Masasi kwenye majabali, na uko Rondo upande wa Lindi. Newala peke yake ni zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Huwezi kuendesha baiskeli umbali huo Jumamosi, ukacheza mlimani, ukarudi Jumapili na Jumatatu ukaingia kazini. Na gari hatuna. Ulaya watu wanajadili kwenda milimani bila gari kama uamuzi, kwa sababu gari liko uani na mtu anaamua kuliacha. Kwetu si uamuzi. Wengi wetu hatuna gari la kuliacha, kwa hiyo swali la usafiri ndilo swali lenyewe la kama mchezo huu utakuwepo au hautakuwepo.

Wanaodai treni wana hoja, na naijua kwa maumivu. Mwaka jana nilipandisha baiskeli kwenye keria ya kosta ya Newala. Utingo aliilaza ubavu, upande wa gia ukawa chini, akaibana kwa mpira uliokatwa kwenye chubu ya lori. Njiani yakaongezwa magunia mawili ya makopa juu yake. Tuliposhuka, kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kinagusa spoku. Fundi baiskeli wa pale stendi alikishika kwa spana, akakivuta taratibu huku jicho moja amelifumba, akazungusha pedeli, akasikiliza, akavuta tena. Alifanikiwa kunirudishia gia tatu kati ya kumi na moja. Konda nilipomfuata alinionyesha maandishi nyuma ya tiketi: mzigo ni kwa hatari ya mwenye mzigo. Kisha akasema kwa upole, "Kaka, ungesema mapema tungeilaza upande ule mwingine."

Neno hilo sijalisahau, kwa sababu alikuwa sahihi. Hakuna aliyewahi kumwambia utingo yule baiskeli ya gia inalazwaje. Na hakuna aliyepanga bei: safari hiyo nililipia baiskeli shilingi elfu tano, iliyofuata elfu kumi, baiskeli ileile, njia ileile. Treni ingeondoa mambo haya kwa mkupuo. Behewa lina sakafu, baiskeli inasimama kwa magurudumu yake, bei iko ukutani, na hakuna gunia la makopa litakaloangushwa juu ya breki zako.

Wanapofika hapa, wenzangu wa treni hupenda kutaja Morogoro. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya Morogoro kuwa jirani ya Dar es Salaam, na Uluguru inaonekana kutoka dirishani. Ni kweli. Lakini stesheni mpya iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, na kutoka hapo hadi mwanzo wa njia za mlimani bado kuna mwendo. Kwa mwenye baiskeli mwendo huo si kitu, anaupiga mwenyewe wakati abiria mwingine anatafuta bajaji. Hii ni faida yetu ambayo hatuisemi vya kutosha: baiskeli haihitaji kushushwa mlangoni, inahitaji kufikishwa jirani.

Mfano unaonivutia zaidi uko mbali kidogo. Kusini mwa Edinburgh, Uskoti, kuna mji mdogo wa Peebles, na jirani yake msitu wa Glentress, ambao njia zake za baiskeli zinajulikana kiasi kwamba mwaka 2023 mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yalifanyika humo. Peebles ilikuwa na reli. Ilifungwa mwaka 1962. Nilipousoma mwaka huo nilisimama, maana ndio mwaka reli yetu ya Kusini ilipofungwa pia. Wenzetu walirudishiwa treni mwaka 2015, lakini si Peebles: reli mpya inatoka Edinburgh inapita Galashiels na kuishia Tweedbank. Kutoka Galashiels hadi Peebles ni kama kilomita 30. Asiye na gari anashuka hapo na kufuata bonde la mto Tweed kwa baiskeli, au anapanda basi lenye nafasi ya baiskeli ndani. Tena treni nyingi za masafa marefu za Uingereza huchukua baiskeli chache tu, na nafasi uiwekeshe mapema, la sivyo unabaki jukwaani na baiskeli yako. Kwa hiyo hata kule kwenye reli kila upande, safari ya kwenda mlimani ina vipande viwili, na kipande cha mwisho ni cha basi au cha miguu yako.

Sababu iko kwenye asili ya reli yenyewe. Treni ya mizigo haipendi kupanda. Mhandisi akiona kilima anatafuta bonde la kukizunguka, na sisi tunakitafuta kilima hichohicho. Sitegemei treni ya makaa ya mawe ikwee hadi Shimo la Mungu. Kosta inakwea. Zaidi ya hapo, kosta inasimama ukisema "shusha hapa", kwenye mti, kwenye kibanda, pale kijia kinapoanza. Wanaotetea basi wana nguvu kwenye jambo hili, na wenzangu wa treni hawajanijibu bado.

Kuna hofu nyingine wanayoitaja watu wa basi, nayo ina historia. Reli ya Kusini ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga. Mpango ule ulianza mwaka 1947, ukatelekezwa mwaka 1951, na reli ikafikishwa kwenye bandari ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954 wakati shehena iliyokusudiwa haipo. Ikajikokota hadi 1962. Nachingwea mpaka leo kuna kata inayoitwa Stesheni, na mtoto anayezaliwa hapo anakua bila kusikia honi ya treni. Reli inayopangwa sasa, takriban kilomita 1,000 hadi Ziwa Nyasa na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, nayo imefikiriwa kwanza kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Wenye hofu wanasema abiria atakuwa wa mwisho kukumbukwa, na baiskeli haitakumbukwa kabisa.

Nakubaliana na hofu hiyo, ila sikubaliani na hitimisho lake. Wao wanasema basi tuiache reli. Mimi nasema ndiyo sababu ya kupiga kelele sasa, kabla behewa halijaagizwa, kwa sababu behewa likishafika na viti vimefungwa kwa bolti hakuna atakayeving'oa kwa ajili yetu. Na tusiombe kama kikundi cha watu wachache wenye kofia ngumu. Mtwara baiskeli ni chombo cha kazi. Mchuuzi wa samaki anayetoka feri na tenga nyuma ya tandiko, mkulima anayesukuma gunia la korosho hadi ghala la chama cha msingi, fundi anayezunguka vijijini: hao ndio wenye baiskeli wa mkoa huu. Nafasi itakayomfaa mchuuzi itanifaa na mimi. Ikitengwa kwa ajili yangu peke yangu, sioni kwa nini serikali itoe hata nusu mita.

Kuna upande mmoja ambao hauguswi na treni wala basi, na unanisumbua kuliko yote. Glentress njia zimejengwa kwa ajili ya baiskeli, zimewekewa rangi kuanzia kijani ya wanaoanza hadi nyeusi ya waliobobea. Newala njia ninazoteremkia hazikujengwa kwa ajili yangu. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya tangu na tangu, na vijia vingi vinavyoshuka kwenye ukingo vilichimbwa na nyayo za waliofuata maji bondeni. Asubuhi moja nilikata kona nikamkuta bibi anapanda, ndoo imejaa kichwani, mkono mmoja juu na mwingine ameshika jiwe la ukingoni. Nilibana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likateleza, nikashuka na kuingia kichakani kumpisha. "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba bila kugeuza shingo, maana akigeuza maji yanamwagika, kisha akauliza, "Nyie mnaoteremka, mnafuata nini huko chini?"

Tulikuwa wawili siku hiyo. Treni ikileta watu arobaini kwa mkupuo kila Jumamosi, swali la bibi yule litakuwa zito mara ishirini. Anayedai usafiri rahisi kwenda kwenye vijia vya watu lazima adai pia mazungumzo na serikali za vijiji: njia ipi, saa ngapi, nani anapata nini. Sisi wawili tumeanza kwa kuacha kuteremka kabla ya saa tatu asubuhi, wakati wa maji.

Kwa hiyo mimi niko na watu wa basi kwa miaka hii, na watu wa treni kwa ile inayokuja. Kwenye basi tunachohitaji ni kidogo sana: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambayo tayari inapanga nauli zetu, ipange na bei ya baiskeli, na wenye makosta wakubali ndoano mbili za chuma kwenye keria ili baiskeli isimame badala ya kulala. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anazimaliza kwa mchana mmoja. Kwenye treni tunachohitaji kinapimika kwa futi kamba. Baiskeli ya mlimani ina urefu wa kama mita 1.8, usukani wake una upana wa sentimita 75 hadi 80, na uzito ni kilo 13 hadi 15. Ukiitundika kwa gurudumu la mbele inachukua nafasi ndogo kuliko abiria aliyekaa na begi. Nafasi sita kwa behewa moja la kila treni, karibu na mlango, bila ngazi ya kupandia. Hicho ndicho ninachotaka kukiona kwenye michoro.