Hatari ndogo, kwa nani?

Wiki iliyopita nililetewa andiko la biashara nilisome. Vijana wawili wa hapa hapa Tanga wametengeneza programu ya masjala: barua inaskaniwa, faili linafuatiliwa kwenye simu, bosi anaidhinisha akiwa kwake Raskazone. Wanawalenga mawakala wa forodha, ambao tangu meli zianze kufunga gatini badala ya kushusha mizigo majini kwa matishari, yale majahazi bapa ya kuivushia pwani, makaratasi yamewajaa hadi chini ya meza. Bei ni milioni nne, zote mkataba ukisainiwa. Na kwenye kipengele cha hatari wameandika neno moja: ndogo.

Ndogo kwa nani, jamani?

Kazi yao nzuri, nakubali. Faili likipotea, tozo ya kontena kukaa bandarini haingoji. Lakini wamepima kama programu itafanya kazi, hawakupima nani ataumia isipofanya.

Angalieni Wamarekani. Xerox 914, mashine ya kutoa kopi, ilipotoka mwaka 1959, ilikuwa dude la karibu kilo 300. IBM, kampuni kubwa ya mashine za ofisi, walishaletewa wazo hilo wakalikataa. Waliolichukua, kampuni ya Haloid Xerox, hawakumwambia mteja alete hela yote. Waliikodisha kwa dola 95 kwa mwezi, kopi 2,000 zikiwa ndani ya bei hiyo, matengenezo juu yao, na ukiichoka unawapa notisi ya siku 15 tu. Hasara ilikuwa yao, kwa hiyo mashine ikigoma, wa kukosa usingizi ni wao. Na kwa kuwa karatasi ziliweza kushika moto ndani yake, waliipeleka pamoja na kizima moto! Sasa hao ndio waliopima hatari.

Wetu? Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikalala nchi nzima. Andiko halina hata mstari juu ya siku kama ile. Sheria ya taarifa binafsi, kimya. Washindani, eti hakuna. Haya.

Kuna mama karani kwenye ofisi moja karibu na bandari. Barua pepe ikiingia anaiprinti, anagonga mhuri wa IMEPOKELEWA, anaitoboa, anaitia kwenye boksi faili, kisha anaandika kwenye daftari na mpokeaji anasaini. Nikamuuliza kwa nini ajitese hivyo. "Mwanangu, ikipotea ninayeitwa ni mimi." Ile saini ndiyo bima yake. Programu inamnyang'anya daftari, halafu siku mtandao ukilala akiitwa kwa bosi aonyeshe nini? Simu yenye duara linalozunguka?

Vijana waikodishe programu yao, laki moja kwa mwezi, na miezi ya mwanzo daftari libaki mezani kwake. Watasema hawana mtaji wa kungoja. Hapo nitawaelewa, maana riba za mikopo yetu zinaumiza. Basi waanze na ofisi moja, tena ile ambayo mmoja wao anaweza kufika kwa bodaboda ndani ya dakika kumi.